Mkuu wa Kazi na Watumishi Wake

Mtumishi anayemwogopa mkuu wake huficha kosa, na kosa lililofichwa humwangukia mwananchi. Jalada likipotea masjala, karani aliyezoea kukemewa mbele ya wenzake hunyamaza. Aliyezoea kusikilizwa hutoa taarifa siku ile ile, likatafutwa mapema. Kwa hiyo, mkuu wa kazi anapaswa kumwita mtumishi faragha na kumsikiliza kwanza, ndipo aamue. Anayechelewa aulizwe sababu kabla ya kuandikiwa barua ya onyo. Huenda anauguza nyumbani. Aidha, kazi njema isifiwe hadharani. Kusikiliza si kulegeza nidhamu. Haki ya kusikilizwa imo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12. Ofisini, haki hiyo huanzia mezani kwa mkuu wa kazi.