Mwendo wa Mdogo Ndio Mwendo wa Wote

Mtu wa Alunguli hahitaji kufundishwa adabu ya maji. Alunguli iko upande wa kuume wa mto Lualaba, na Kasuku na Mikelenge, sehemu nyingine mbili za mji wa Kindu, ziko upande wa kushoto. Basi mwenye shughuli ng’ambo hana budi kuvuka. Na kila avukaye ajua kwamba anayepanga abiria na mizigo ni mwenye mtumbwi, wala si abiria mwenye haraka.

Wasomaji wapenzi, adabu hiyo ndiyo tunayotaka kuipeleka mbali kidogo. Likizo kubwa ya mwezi wa saba na wa nane inapokaribia, vijana wa parokia, wawe Skauti, Kiro au Xaveri, hutamani kuliona Ziwa Kivu na kupanda milima yake. Tamaa hiyo ni njema. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wapumzike mahali pa faragha, na mara nyingi alipanda mlimani kusali. Lakini safari njema hupangwa kabla ya kufunga mizigo. Tena ina kanuni moja tunayoipata katika kitabu cha Mwanzo: Esau alipotaka waende pamoja, Yakobo alimjibu kwamba yeye angekwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na wa mifugo. Mzee huyo alijua kuongoza msafara.

Swali la kwanza si “Twende lini?” bali “Je, njia ni salama?” Mwaka 2025 waasi wa M23 waliutwaa mji wa Goma mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari. Baada ya mambo kama hayo, kiongozi hawezi kuwachukua watoto wa watu kwa kusikia maneno ya sokoni tu. Aulize kwa padri, kwa serikali, na kwa wale waliotoka huko karibuni. Akijibiwa kwamba njia si salama, aahirishe safari, wala asione haya. Wazazi walimkabidhi watoto. Hawakumkabidhi sifa yake.

Njia ikiwa salama, na ifikiriwe baridi. Kindu iko kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460, na kilele cha mlima Kahuzi mita 3,308. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Basi kijana wa Alunguli akifika juu ya Kahuzi hukuta baridi inayopita ya nyumbani kwa nyuzi 16 au zaidi, naye ana jasho mwilini. Sweta, koti la mvua na soksi kavu si anasa huko.

Hali kadhalika mwendo. Kahuzi umo ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, wala haupandwi bila ruhusa na walinzi wake. Mlima wa namna hiyo ni wa vijana wenye nguvu. Wadogo na watembee kandokando ya ziwa, nao watafurahi vilevile. Katika kila kundi, asiye na nguvu atangulie nyuma ya kiongozi, na mkubwa mmoja afunge safu. Tena saa ya kurudi ikubaliwe asubuhi, kabla ya kuondoka. Kama ni saa sita mchana, basi saa sita watu wageuke, hata kama kilele kinaonekana. Maana katika nchi zetu jua huchwa upesi, na giza halimngojei mtu.

Sasa ziwa lenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova, kimejaa kupita kiasi, kilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na makumi ya watu walikufa. Msiingie katika chombo kilichojaa, wala kisichokuwa na makoti ya kuelea kwa kila abiria, mtoto na mkubwa.

Kuna na hatari nyingine isiyoonekana. Upande wa kaskazini wa ziwa, karibu na Goma na Sake, hewa nzito ya kaboni hutoka ardhini katika nchi ya volkano na kukaa katika mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Wenyeji huiita mazuku. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa yetu, hulala chini kama maji katika bakuli. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita asidhurike, na mtoto aliye kando yake, kwa sababu kichwa chake kiko chini, akaanguka. Kwa hiyo msipige kambi bondeni, msimlaze mtoto shimoni, na mahali palipo na wadudu au ndege waliokufa paepukeni. Mtu akianguka humo, msikimbilie kuinama juu yake. Wengi walikufa kwa kumfuata mwenzao. Waiteni wenyeji wanaojua.

Mwaona basi kwa nini safari hupimwa kwa kimo cha mdogo? Hewa inayomwacha baba aweza kumwua mwanawe.

Na mwaka ambao Kivu haifikiki, mazoezi hayahitaji mlima. Jumamosi moja, kiongozi awachukue watoto kutembea kando ya Lualaba. Aandike majina yao, awahesabu wakiondoka, wakipumzika na wakirudi. Achukue maji yaliyochemshwa, kitambaa safi na dawa ya vidonda. Ataje saa ya kurudi na kuishika. Kundi linaloweza kutii saa hiyo ukingoni mwa mto litaitii na mlimani. Na jioni, hesabu ya watoto ikiwa ni ileile ya asubuhi, kiongozi na amshukuru Mungu: kazi yake imetimia, hata kama hakuna aliyeona kilele.