Tatu au Nane?

Kadi za mchango zilipotoka, kila mtu aliisifu picha ya maharusi. Kisha shangazi akaishika kadi mbali na macho, akaisogeza karibu, akauliza, "Baba, hii ni tatu au nane?" Alikuwa anasoma namba ya simu ya mweka hazina. Kadi mia mbili, na namba ya kutumia pesa haisomeki! Kosa lilikuwa langu. Nilitengeneza kila kitu kwenye programu ya kuhariri picha, nikahifadhi JPEG, nikaituma steshenari kwa WhatsApp kama picha, nayo WhatsApp ikaibana zaidi.

Wazo la kwanza lilikuwa kutoa pesa: karatasi nzito, printa nzuri zaidi, programu ya kulipia. Nilipokaa na kupiga hesabu, karibu yote hayo yalikuwa hayahitajiki.

Programu ya picha huujenga ukurasa kwa vigae vidogo vya rangi, yaani pikseli, na ukihifadhi JPEG au PNG herufi nazo zinakuwa vigae. Karatasi ya A4 yenye pikseli 72 kwa inchi ina 595 kwa 842 tu. Maandishi ya pointi 8 hapo yanapata pikseli 8 za kwenda juu, mikia ya herufi ikiwemo. Tatu na nane zitaachanaje? Ukiweka 300, yanapata 33. Ukiweka 600, yanapata 67, na jicho la kawaida halioni tena ngazi za vigae.

Kupandisha hadi 600 ni bure, ila kompyuta ndiyo inayolipa: ukurasa wa A4 uliofunguliwa unatoka kama MB 26 kwenye 300 hadi MB 104, na laptopu kuukuu itahema. Tena uamue mapema, maandishi yakiwa bado yanaharirika. Kuikuza JPEG iliyokwisha kufifia ni kuukuza ukungu wenyewe. Na faili litumwe kama dokumenti, lisitumwe kama picha.

Je, Photoshop? Kwa mkataba wa mwaka ni takriban dola 23 kwa mwezi, karibu 276 kwa mwaka. Anayesafisha picha za wateja kila siku atazirudisha. Anayetaka namba isomeke anazitupa. Photoshop ikihifadhi JPEG inavunja herufi vilevile. Ikihifadhi PDF bila kubandika tabaka zote kuwa moja, herufi zinabaki michoro, na printa inazichora kwa ukali wake wote. GIMP, isiyouzwa hata senti, nayo hutoa PDF yenye maandishi halisi mradi hujayapaka madoido.

Mimi niligawa kazi. Picha ilibaki GIMP, maneno yakahamia Inkscape, ambayo nayo ni bure. Gharama yake ilikuwa jioni tatu za kujifunza na hasira kidogo. Kuna pia programu ya Scribus, ambayo ni ngumu zaidi kuizoea, lakini inakuruhusu kuamua kwamba weusi utoke kwenye wino mweusi peke yake. Kwenye mashine ya ofseti jambo hilo ni kubwa: weusi uliochanganywa kwa wino nne, bamba moja likisogea kidogo, kila herufi inaota kivuli cha rangi. Kwa kadi mia mbili za printa ya leza, usijisumbue. Affinity, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, imekuwa bure tangu Oktoba 2025, na kwa mtu anayeanza leo ningeijaribu kabla ya hizo mbili.

Anayetumia simu na Canva hana haja ya kuhama. Achague PDF ya kuchapa, aachane na PNG, ambayo kwa A4 hutoka na pikseli 794 kwa 1123 tu. Ya kuchapa haiongezi gharama.

Kuna kitu ambacho hakuna programu inayokitibu, nacho ndicho tunachokipenda mno kwenye kadi za harusi: mwandiko mwembamba wa rangi ya dhahabu. Printa ya kawaida haina wino wa dhahabu. Inaipata rangi hiyo kwa kutawanya vitone vya wino nyingine, na ukingo wa herufi ndogo unakuwa wa msumeno hata faili likiwa safi kabisa. Dhahabu ikae kwenye majina makubwa. Namba iwe nyeusi.

Safari ya pili nilitoa kadi moja kwanza. Ili fonti isibadilike kwenye kompyuta ya steshenari, nilikuwa nimezigeuza herufi zote kuwa michoro. Shangazi alisoma tarakimu zote kumi bila kutafuta miwani. Kisha akaniuliza kwa nini jina la bibi harusi lina "l" moja badala ya mbili, na herufi zilizogeuzwa michoro hazihaririki tena. Bahati nzuri faili la mwanzo nilikuwa sijalifuta.