Ushirika Uliojenga Viwanda vya Kahawa Waweza Kujenga Nyumba Mjini

Mkulima wa kahawa wa Meru au Embu hana haja ya kufundishwa maana ya ushirika. Katika miaka ya 1930, Waafrika wa Kenya walipoanza kuruhusiwa kupanda kahawa, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Kisii. Mtu mmoja mwenye miti michache hakuweza kujijengea kiwanda cha kumenya na kuosha kahawa. Kwa hiyo watu walijiunga katika vyama, wakajenga kiwanda kimoja, na kila mmoja akapimiwa kahawa yake kwa mizani moja na kuandikiwa katika daftari.

Lakini mtoto wa mkulima huyo aendapo Nairobi kutafuta kazi, husahau mizani na daftari. Hupanga chumba peke yake na kulipa kodi mwezi baada ya mwezi, na baada ya miaka ishirini hana hata jiwe moja la ukuta. Nyumbani nako shamba limekwisha kugawanywa, wala halitoshi ndugu wote. Je, ushirika uliojenga kiwanda hauwezi kujenga nyumba mjini?

Yafaa tutazame habari za Kambi Moto, mtaani Huruma, Nairobi. Hapo familia zaidi ya 200 zilikaa katika vibanda vya mabati vilivyosongamana juu ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji. Wakisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996, na shirika la Pamoja Trust, wakazi hao walianza kwa kuhesabiana wenyewe, mlango kwa mlango. Kisha walipatana na Halmashauri, na mwaka 2003 ujenzi ukaanza.

Jambo gumu halikuwa saruji. Miongoni mwao walikuwamo wenye vibanda na pia wapangaji. Mwenye vibanda aliona kwamba atapoteza kodi. Mpangaji aliogopa kufukuzwa. Baada ya mashauriano marefu walikata shauri kwamba kila familia ipate nafasi moja, ya ukubwa ule ule, bila kujali nani alikuwa mwenye kibanda na nani alikuwa mpangaji. Kama neno hilo lingeachwa mpaka kuta zisimame, bila shaka ugomvi ungezibomoa.

Ndipo walipochora nyumba. Walisimamisha mfano wa mbao na vitambaa, wenye ukubwa wa nyumba ya kweli, ili hata asiyejua kusoma ramani aingie, atazame mahali pa jiko na pa kitanda, na aseme lipi limfaa. Kila nyumba ilipewa nafasi ya mita 4.5 kwa mita 4.5 tu, nayo ikapanda juu kwa ghorofa. Mtu aliweza kuanza na chumba cha chini, na kuongeza cha juu apatapo fedha. Waliweka akiba kidogo kidogo, wakakopa kwa pamoja, na wakafinyanga kwa mikono yao vipande vya zege vya kutandaza sakafu za juu, ili kupunguza gharama. Nyumba za kwanza zilikuwa 34.

Basi, wafanyakazi wa Meru na Embu walioko mijini wanaweza kuufuata mfano huo. Wako pia wa kuwashauri, kwa mfano Muungano wa Kitaifa wa Vyama vya Ushirika vya Nyumba, NACHU, ulioanzishwa mwaka 1979. Lakini wasikimbilie kununua kiwanja kwanza. Waanze kwa kupatana ni nani mwanachama, atapata kiasi gani, na itakuwaje akishindwa kulipa au akifa. Hati ya ardhi na ichunguzwe kabla ya senti moja kutolewa, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima aliyejifunza neno hilo kiwandani, na amfundishe mwanawe kabla hajapanda gari kwenda Nairobi.