Hodi kwa Mzee AS/400

Njoo ukae hapa, mpwa wangu. Swali lako ni zuri sana. Umeuliza: kompyuta mpya, yenye rangi zote na kipanya chake, inazungumzaje na kompyuta ya zamani ambayo haijui hata kipanya ni nini? Watu wazima wengi hawaulizi hivyo. Wanaona maandishi ya kijani kwenye skrini ya karani, wanapewa risiti yao, wanaondoka. Wewe umeona, ukasimama, ukauliza. Hongera!

Nikuulize na mimi. Hapa kwetu Hanga, ukienda nyumbani kwa mzee, unaingia tu?

"Hapana, Mjomba. Napiga hodi."

Umesema kweli. Unapiga hodi. Lakini kabla ya hodi lazima uijue nyumba yenyewe. Lazima ujue anapokelea wageni mlango upi, wa mbele au wa uani. Akiuliza "Nani?" lazima utaje jina. Na lazima useme kwa lugha anayoielewa. Ukikosea kimoja tu, utabaki nje na mzigo wako. Shika hapo, mpwa wangu, maana tunaipigia hodi mashine.

Mwache Mzee mwenyewe ajitambulishe.

"Naitwa AS/400," anasema Mzee. "Kampuni ya IBM ilinitangaza tarehe 21 Juni 1988. Kwetu ni Rochester, Minnesota, huko Marekani kwenye theluji. Wakubwa wangu walikuwa System/36 na System/38. Mimi si ile mitambo mikubwa kabisa inayojaza ukumbi, wala si kompyuta ndogo ya mezani. Ni wa kati. Mwaka 2000 walinipa jina jipya, iSeries, na siku hizi mfumo wangu unaitwa IBM i. Lakini wanaonijua tangu zamani bado wananiita AS/400, na mimi naitika. Kazi yangu ni hesabu. Mishahara, mizigo ya bohari, akiba za watu. Sichoki."

"Mjomba, kama ni mzee hivyo, kwa nini wasinunue mpya wakamtupa?"

Swali jingine zuri! Sababu ni kwamba programu zilizoandikwa kabla hujazaliwa bado zinafanya kazi ndani yake. Kila siku zinapiga hesabu, na hesabu zinatoka sawasawa. Kuzihamisha zote ni kazi ya miaka, na njiani unaweza kupoteza fedha za watu. Nchi yetu iliujua uchungu wa kompyuta mapema. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, iliyoitwa ICT 1500. Mashine zikaongezeka, matatizo nayo yakaongezeka, na mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali. Marufuku ile ilikaa miaka mingi. Kwa maoni yangu, nchi iliyopitia hayo haina haki ya kudharau mashine inayofanya kazi yake vizuri, hata ikiwa na mvi.

Kwa hiyo Mzee habadiliki. Mgeni ndiye anayejifunza.

Zamani mgeni wa Mzee alikuwa mmoja tu. Aliitwa teminali ya 5250, na ukoo wake ulianza mwaka 1977. Ilikuwa skrini na kibodi, basi. Haikuwa na akili yake. Herufi zake zilikuwa za kijani juu ya weusi. Mistari 24, kila mstari nafasi 80. Zidisha, mpwa wangu. Umepata ngapi?

"Elfu moja mia tisa na ishirini!"

Barabara kabisa! Nafasi 1,920. Huo ndio ulimwengu wote aliouona karani wa zamani. Teminali zilifungwa kwa waya mnene wenye nyuzi mbili za shaba ndani, na mstari mmoja wa waya ulibeba teminali saba, zikiwa na namba kuanzia 0 hadi 6. Waya ule haukuruhusiwa kuzidi mita 1,524. Kama Mzee angekaa Dar es Salaam, mtu wa Hanga angemfikia wapi? Kwa waya huo, asingemfikia.

Kisha zikaja kompyuta za mezani, na watu wakawaza. Kwa nini meza moja iwe na skrini mbili? Wakaandika programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye teminali ya zamani. Inafungua dirisha, inaweka mistari yake 24, inapokea herufi za kijani, inajibu kama 5250 ilivyokuwa ikijibu. Mzee akitazama nje, anamwona mgeni wake wa siku zote.

"Lakini Mjomba, huo si uongo?"

Hapana, mpwa wangu. Ukienda kwa mzee asiyejua lugha yako, ukamwamkia kwa lugha yake, umemdanganya? Umemheshimu. Mzee habadiliki. Mgeni ndiye anayejifunza.

Haya, tupige hodi sasa. Unafungua programu. Ziko kadhaa. IBM wana yao, inaitwa IBM i Access Client Solutions. Wenye Linux wana moja ya bure iitwayo tn5250. Sura zake zinatofautiana, lakini maswali zinayokuuliza ni yaleyale.

Kwanza itakuuliza: nyumba ipi? Hapo unaandika anwani ya Mzee kwenye mtandao, ama kwa jina ama kwa namba. Ukikosea nukta moja unapiga hodi kwa watu wengine.

Kisha: mlango upi? Kwa desturi Mzee anapokea wageni wa aina hii mlango namba 23. Njia hiyo inaitwa Telnet, na namna ya 5250 kupita humo iliandikwa rasmi mwaka 1991. Ila mlango 23 una kasoro kubwa. Kila unachosema njiani kinasikika, hata nywila yako. Upo mlango mwingine, namba 992, ambao maneno yake hufichwa kwa usimbaji mpaka yamfikie Mzee mwenyewe. Mtu akikuambia 23 inatosha kwa sababu ni rahisi, mkatalie kwa adabu. Fedha za watu hazitangazwi barabarani. Tumia 992.

Halafu: wewe ni mgeni wa umbo gani? Mzee anataka kujua skrini yako ina ukubwa upi, ili asimwage maneno nje yake. Ukijitaja kuwa IBM-3179-2, anakupa mistari 24 ya nafasi 80, tena yenye rangi. Ukijitaja IBM-3477-FC, anaweza kukupa mistari 27 ya nafasi 132, ambayo ni nafasi 3,564. Wahasibu hupenda hiyo pana, maana safu nyingi za namba zinaonekana pamoja.

Sasa tunafika mahali ninapopapenda kuliko pote. Lugha!

Kompyuta haijui herufi, mpwa wangu. Inajua namba. Kompyuta yako ya mezani, ukibonyeza A kubwa, inaandika moyoni 65. B ni 66, C ni 67, zinafuatana vizuri mpaka Z. Lakini Mzee alirithi hesabu nyingine kutoka enzi za kadi zilizotobolewa matundu. Kwake A ni 193. Anahesabu mpaka I, ambayo ni 201. Halafu anaruka! J haiwi 202, inakuwa 209. Anakwenda mpaka R, 217. Anaruka tena! S ni 226. Hesabu hiyo inaitwa EBCDIC.

"Kwa nini anaruka?"

Kwa sababu matundu ya kadi yalipangwa kwa mafungu, na herufi ziligawanywa humo, tisa, tisa na nane. Kadi zimekwisha, mipango yake imebaki. Umeona jinsi swali dogo linavyofukua jambo la kale? Endelea kuuliza hivyohivyo.

Programu yako ndiyo inayosimama katikati na kutafsiri 65 kuwa 193. Lakini kuna majedwali mengi ya kutafsiri, na nchi mbalimbali zina yao. La Marekani ni namba 037. La Uingereza ni 285. La kimataifa ni 500. Herufi a mpaka z ni zilezile katika yote matatu, kwa hiyo Kiswahili chetu kinapita salama, hata ule mkato wa ng'ombe. Alama ndizo zinazohama. Andika "Hodi!" kwa jedwali 037, kisha Mzee aisome kwa 500. Atasoma "Hodi]". Mabano badala ya mshangao!

Hilo unaweza kulicheka. Sasa sikia hili ambalo si la kucheka. Alama ya dola katika jedwali 037 ni namba ileile ya alama ya pauni katika 285. Karani anaandika dola mia, kwingine inaonekana pauni mia. Namba ni sahihi, herufi ni sahihi, fedha ni nyingine kabisa. Ndiyo maana ninakuambia: kabla ya kuchagua jedwali, muulize msimamizi wa Mzee anatumia lipi. Usikisie hata mara moja.

Mwisho Mzee anauliza: nani?

Hapa unaweza kunyamaza. Ukinyamaza, anakupa jina lake mwenyewe, kama QPADEV0001. Kesho anaweza kukupa jingine. Mimi napenda kila kompyuta iwe na jina lake, lisilozidi herufi kumi, kwa mfano HANGA01. Msimamizi akiliona anajua papo hapo nani amekwama na yuko wapi. Karatasi zinazochapishwa nazo zinaweza kuelekezwa kwa jina hilo, zitokee Hanga badala ya kutokea ofisi ya mbali. Ila jihadhari, kompyuta mbili zisijiite jina moja. Wa kwanza ataingia, wa pili atakataliwa, na atahangaika nje akidhani mtandao umekatika.

"Mjomba, na sisi tuko mbali. Maneno hayachelewi njiani?"

Mzee ana tabia nzuri. Hataki umsumbue kwa kila herufi. Unaandika jina, unaandika kiasi, unasahihisha, na yote hayo yanabaki kwako. Ukibonyeza Enter ndipo maneno yote yanakwenda kwa pamoja. Anafikiri, anajibu mara moja. Ukurasa wake mzima ni nafasi 1,920 tu, mdogo mno kuliko picha moja ya simu yako. Leo mkongo wa taifa wa mawasiliano umefika Songea, lakini mazungumzo ya namna hii yaliweza kupita hata kwenye laini za simu za polepole. Safari ya basi kutoka Songea, kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro mpaka Dar es Salaam, ni ya siku nzima. Neno lako linakwenda na kurudi kabla hujapepesa jicho.

Mzee akiwa anafikiri, alama ya X inatokea chini ya skrini. Maana yake: subiri. Na ukiandika mahali pasiporuhusiwa, kibodi inajifunga. Katika programu za IBM, Ctrl ya kushoto huifungua, na Ctrl ya kulia ndiyo Enter. Wageni wengi huduwaa hapo, maana kwenye kompyuta zao Ctrl peke yake haifanyi kitu.

Na kama umepiga hodi, kimya? Tazama mtandao wako kwanza. Kisha soma anwani tena, taratibu, namba kwa namba. Kisha mlango. Pengine kosa si lako. Pengine huko ndani hakuna aliyewekwa mlangoni kupokea wageni. Msimamizi ataandika STRTCPSVR *TELNET, na mlango utakuwa na mtu. Ukiingia na kukosea nywila, usirudie ovyo. Mara nyingi ukikosea mara tatu Mzee anafunga, na utamngoja msimamizi akufungulie.

"Mjomba, mtoto wa Hanga anaweza kumpigia hodi Mzee wa kweli? Au haya ni ya watu wa benki tu?"

Anaweza! Ujerumani kuna mashine ya hadharani iitwayo PUB400, iliyowekwa kwa ajili ya wanaojifunza. Unaomba jina, wanakupa, hulipi kitu. Ukishaingia utaona menyu yenye namba. Tembea humo upendavyo. Ukitaka kutoka, andika 90, bonyeza Enter. Usifunge dirisha tu na kuondoka bila kuaga, maana jina la kompyuta yako linaweza kubaki limeshikwa ndani, na ukirudi na HANGA01 yako utaambiwa HANGA01 tayari yupo.

Lete hiyo kompyuta. Tunaanza na anwani.