Kabla ya Kumsaidia Maskini, Keti Naye



Ukiuliza kikundi chochote hapa Muthara kinafanya kazi gani, utaambiwa: tunainuana. Tunachanga, tunazungusha pesa, tunanunuliana mbuzi na matangi ya maji. Hiyo ni kazi njema. Lakini wacha tujiulize ukweli: yule aliye maskini kabisa yumo kikundini? Mara nyingi hayumo. Hana mchango wa kila wiki, anaona haya kuja mikono mitupu, na siku ya mkutano amekwenda kibarua ili watoto wale jioni. Halafu sisi tunasema, "Huyo hapendi maendeleo."

Somo kutoka Turkana

Katika miaka ya 1970 serikali ya Norwe ilitaka kuwasaidia Waturkana, ambao ni wafugaji. Iliwasaidia kuingia katika uvuvi, na kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Nia ilikuwa nzuri na pesa zilikuwako. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme na maji safi mengi, na gharama ikashinda mapato. Kiwanda kilifungwa upesi. Kisha, katika miaka ya 1980, maji ya ziwa yakarudi nyuma kutoka Ghuba ya Ferguson, mahali pa kuvulia. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuuliza kwanza

Mwaka 1974 Kanisa Katoliki nchini Kenya lilianza mafunzo yaliyoitwa DELTA, yakiongozwa na Anne Hope na Sally Timmel. Walifuata mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil. Mwezeshaji haji na jibu mfukoni. Kwanza anasikiliza watu wanaongea nini sokoni na kisimani: nini kinawatia hofu, hasira au matumaini. Kisha anawaonyesha jambo hilo kwa picha au mchezo mfupi, na kuuliza: Mnaona nini? Kwa nini iko hivyo? Tufanye nini? Jibu linatoka kwa wenyewe.

Na tukiwapa pesa je?

Wengi husema maskini akipewa pesa atalewa. Kuanzia 2011, shirika la GiveDirectly liliwatumia watu wa Rarieda, Siaya, pesa kwa M-Pesa bila masharti ya matumizi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo na mabati, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Kumbe mtu anajua shida yake. Hata hivyo, pesa za mtu mmoja haziwezi kuleta bomba la maji kijijini. Hiyo ni kazi ya kuungana.

Kikundi kifanye nini?

1. Tembeleeni nyumba ambazo haziko kikundini. Nendeni wawili wawili, msibebe daftari. Ketini, ongeeni.

2. Pangeni mchango ambao mtu wa kibarua anaweza, na saa ambayo amerudi nyumbani. Asiye na pesa wiki hii akubaliwe bila faini.

3. Mkitaka kutoa kitu, mwulizeni mwenyewe. Kumpa mbuzi mama asiye na mtu wa kuchunga ni kumwongezea mzigo. Pengine anahitaji mbegu kabla ya mvua ya Oktoba, au karo.

4. Wasaidieni wazee kupata haki yao. Tangu 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii umelenga wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Mzee asiyejua kusoma, au ambaye kitambulisho chake kimepotea, anahitaji mtu wa kumsindikiza kwa chifu.

5. Msimtaje mtu mbele ya baraza au kanisani kama "maskini wetu". Msaada unaomwaibisha mtu humfukuza.

Maswali ya kujadiliana

- Ni nani jirani yetu ambaye hajawahi kuja mkutanoni? Ni nini kinamzuia?

- Ni msaada gani uliowahi kuletwa hapa ukaishia njiani? Nani aliulizwa kabla haujaletwa?

- Kuna sheria gani ya kikundi chetu inayowafungia nje wasio na kitu? Tuibadilishe vipi?

Jadilianeni mkutano ujao, na yule ambaye hajawahi kuja aalikwe mapema. Apewe nafasi ya kusema kwanza.