KABADDI: INDIA ALIPOPIGWA



Wadogo wetu wa darasa la tatu wanasema hawataingia tena mu mashindano ya madarasa, juu sisi wa la sita tunashinda kila mwaka. Tuwaletee habari ya mbali kidogo, ya Azia.

Kabaddi ni mchezo wa zamani wa India na nchi jirani. Hauombi mpira. Ekipe mbili za watu 7 zinagawana uwanja kwa mstari wa katikati. Mtu mmoja anavuka, anaingia kwa wengine akisema « kabaddi, kabaddi » kwa pumzi moja, mu sekunde 30. Akigusa watu na kurudi kwao, wale aliogusa wanatoka inje. Wakimkamata asirudi, yeye ndiye anatoka.

Katika Michezo ya Azia, kabaddi ilionyeshwa bila medali ku New Delhi, mwaka 1982. Medali zilianza Beijing, mwaka 1990. Tangu hapo wanaume wa India walitwaa zahabu mara 7 mfululizo, mpaka 2014. Wanawake waliingia mwaka 2010. India wakashinda, na tena 2014. Ilionekana kama zahabu ni mali yao.

Lakini Irani hawakubaki nyumbani. Mwaka 2010 wanaume wao walikuwa wa pili. Mwaka 2014, wa pili tena, 27 kwa 25: pointi 2 tu! Mwaka 2018, ku Jakarta, waliwapiga Wahindi 27 kwa 18 mu nusu-finali, kisha wakapata zahabu. Wanawake wa Irani nao wakapiga India mu finali, 27 kwa 24. Na nani aliwafundisha? Mama Muhindi, Shailaja Jain.

India nao hawakununa. Mwaka 2023, ku Hangzhou, walirudisha zahabu zote mbili, lakini kwa jasho: wanawake 26 kwa 25 mbele ya Taiwani, wanaume 33 kwa 29 mbele ya Irani, nyuma ya mabishano marefu sana.

Basi, wadogo zetu, ingieni. Kushinda mtu ambaye hakuja si kushinda. Na kama munataka mwalimu, mmoja wetu wa la sita atakuja kuwafundisha kila siku ya posho nyuma ya masomo. Mukitupiga, tutapiga makofi. Kisha tutajaribu kurudisha!