MFICHA UCHI HAZAI: KIDONDA NILICHOKIFICHA MKUNAZINI

Mpenzi msomaji, wiki hii naacha mambo ya mitindo na mahaba ya Forodhani, nakuletea kisa changu mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini ukimaliza, soma tena, maana hujui zamu ya kesho ni ya nani.

Yalianza kama vipele vitatu, haviumi wala haviwashi. Nikavipuuza. Baada ya miezi mitano vikawa kishada. Daktari alitazama mara moja tu akasema ni chunjua za sehemu za siri. Sisi vijana tunaziita vinyama, wengine masundosundo. Kwa kuwa zilikuwa nyingi, akaamua kuzikata na kuzichoma kwa umeme. Nikapigwa sindano ya ganzi, na nusu saa haikufika kazi ikawa imekwisha.

Basi bwana, mie nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza!

WATU TISA, CHOO KIMOJA

Nyumbani kwetu Mkunazini tunaishi watu tisa na choo ni kimoja. Mie nimeambiwa nikalie beseni la maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kwa siku, nijikaushe taratibu bila kusugua, nisivae jinzi ya kubana. Utamwambia nini mama anapokuona na beseni asubuhi, mchana na jioni? Nikamwambia nina jipu. Akataka kuliona!

"Mama, mie mtu mzima sasa."

Akaguna, akaniacha. Bahati nzuri, Unguja mwanamme kushinda na kikoi si jambo la kuulizwa.

Siku ya nne kaka yangu, asiyejua lolote, akanipa mzigo niupeleke Bububu kwa Vespa yake. Nikikataa nitaulizwa sababu. Nikapanda. Nilipofika Mtoni, suruali imelowa damu. Usiku nikajimwagia spiriti, nikidhani inavyounguza ndivyo inavyosafisha. Wallahi, nilipiga ukelele mpaka watu wa ghorofa ya juu wakadhani kaingia mwizi!

Siku ya saba nina homa na kidonda kinatoa usaha. Nikarudi hospitali kichwa chini.

Muuguzi aliyenipokea ni mama wa makamo. Alinisafisha kimya kimya, kisha akasema: "Mwanangu, nyama mpya ndiyo kwanza inaota, wewe unaiunguza kwa spiriti. Kidonda chako hakina kosa. Kosa ni kukificha."

ALIYONIFUNDISHA

Kidonda cha namna hii kwa wengi hupona kati ya wiki 2 na 4, kikubwa huchukua zaidi. Maji maji kidogo siku za mwanzo si ajabu, na kinapoanza kuwasha huenda ndiyo kinafunga, ila usikikune. Maumivu yatulizwe kwa panadol, si aspirini, kwani aspirini huongeza kutoka damu. Sigara huchelewesha kupona. Ama tendo la ndoa, hapana kabisa mpaka ngozi ifunge na daktari aridhike. Ukiona homa, usaha, harufu mbaya, damu isiyosimama au mkojo unakataa kutoka, usingoje kesho.

Tena usijitibu kwa dawa za kuunguza chunjua za mikononi wala kwa asidi ya betri. Ngozi ya huko ni laini, utaongeza kidonda juu ya kidonda.

Nikauliza swali lililokuwa likinila roho: je, ndiyo saratani hii? Akacheka. Chunjua hizi huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kina aina zaidi ya 100. Nyingi ya chunjua hizi hutokana na aina ya 6 na ya 11, ambazo ni nadra kuleta saratani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Ndiyo maana mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14. Wenye wadogo wa kike, msiwazuie.

Lakini kisu hukata chunjua tu, hakiking'oi kirusi. Kwa watu wengi chunjua hurudi, hasa miezi 3 ya mwanzo. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa sababu kirusi hupita ngozi kwa ngozi. Tena kinaweza kukaa mwilini miezi au miaka bila dalili, kwa hiyo kumnyooshea mtu kidole kwamba ndiye aliyekuambukiza ni kazi bure.

POSA YANGU

Hapo ndipo nilipokwama. Nimeshaposa, na mchumba wangu hajui kitu. Ningeweza kunyamaza, kidonda kingefunga na mambo yangepita. Lakini ningemwingiza ndani na siri isiyokuwa yangu peke yangu.

Wiki ya tano, kidonda kimekauka, nikenda kwao. Tukakaa barazani, shangazi yake yupo ndani. Nikamweleza yote, hata ya spiriti. Hakucheka. Akanyamaza mpaka muadhini akamaliza kuadhini magharibi.

"Yatarudi?"

"Huenda. Sijui."

"Ungeoa kwanza ndiyo uniambie, nisingekusamehe," akasema. "Sasa tutakwenda kwa daktari pamoja, anieleze na mie. Mengine tutazungumza baadaye."

Tumekwenda. Harusi imesogezwa mbele, posa haijavunjika. Mama naye nilimwambia; alilia kidogo, kisha akaninunulia beseni langu mwenyewe, jekundu.

Wewe unayesoma huku umekaa upande, usimwogope daktari. Na ukishakatwa, tafuta mtu mmoja wa kumwambia, angalau upate sababu ya kukataa Vespa.